Shahidi Aliyenong'ona

Niliondoka Nairobi kumtafuta shahidi, miaka ya tisini ikielekea ukingoni. Nilikuwa karani wa wakili aliyemtetea mwagizaji mmoja wa dawa ya kutibu utando wa koo. Kampuni ya ng'ambo iliyoigundua dawa ile ilikuwa na hataza, yaani haki ya kuitengeneza peke yake, nayo ilimshtaki mteja wetu kwa kuleta dawa hiyo hiyo kutoka kiwanda kingine, kwa bei nafuu. Mahakama iliamuru shehena yake ifungiwe ghalani mpaka kesi isikilizwe. Wakili alitaka mgonjwa aliyepona kwa vidonge vile aape, ili jaji ajue amri ile inamuumiza nani.

Kulipambazuka treni ikiwa Muhoroni, harufu ya molasi imejaa behewani. Kisumu, mwenye duka la dawa alinielekeza kwa Mama Awino, mchuuzi wa samaki.

"Sauti yake ilikuwa imepotea," alisema. "Utando mweupe kwa koo. Akameza hizi dawa, akarudi soko kubishana na watu. Enda, atakuambia mwenyewe."

Nilipanda matatu mpaka Otonglo, nikateremka kwa miguu kuelekea ziwani. Jua lilikuwa utosini, lakini maji sikuyaona. Gugu maji lilikuwa limeyafunika mpaka upeo wa macho, kijani kama shamba, na mitumbwi imenasa humo bila mtu. Nilipita boma ambalo milango yake yote ilipigiliwa misumari, makaburi mapya mbele yake. Boma lililofuata lilikuwa vivyo hivyo.

Kwa Mama Awino watu walijaa uani, na sikusikia kitu. Wanawake walichambua omena, dagaa wa ziwani, midomo ikicheza. Watoto walikimbizana wakicheka bila sauti. Nilipopiga hodi wote waligeuka kwa pamoja. Mwanamume mmoja alinijia upesi akanishika mkono. Alikuwa Ouma, shemeji wa mama huyo.

"Bwana, hapa tunaongea chini," alininong'oneza.

"Kuna msiba?"

"Hapana. Sauti ya Mama imeenda tena. Dawa iliisha, na duka inasema korti imekataza. Akisikia watu wanaongea analia, na kulia inamuumiza koo. Tukaacha. Hata watoto wamezoea."

Mama Awino aliketi ndani, amekonda, kitambaa mdomoni. Nilijikuta nami nanong'ona nikimweleza habari za kesi.

"Wanapigania nini?" aliuliza.

"Nani ana haki ya kuitengeneza dawa."

Alifikiri. "Na mimi niko upande ya nani?"

Nilimwomba aseme tu yaliyompata.

Ouma alitusindikiza mpaka Kisumu, kwa kamishna wa viapo, wakili mzee aliyemtaka shahidi apaze sauti. Mama alijaribu. Ilitoka pumzi tupu, kama upepo chini ya mlango. Mzee alizunguka meza, akatega sikio mdomoni pake, akasikiliza kiapo chote. Alipoinuka hakututazama. Akapiga muhuri.

Ndani ya treni ya kurudi nilimwagiza mhudumu chai. Aliinama akaniuliza kama ninaumwa. Nilikuwa bado nanong'ona.

Nairobi, hati ile ilisomwa mahakamani. Wakili wa kampuni alisema huruma si sheria, na kugundua dawa kuna gharama. Jaji alimsikiliza, kisha akaruhusu shehena iliyokuwa ghalani isambazwe wakati kesi ikisubiri.

Wiki kadhaa baadaye simu ililia ofisini. Mwanamke mwenye sauti nzito aliniita kwa jina. Nikauliza ni nani.

"Ni mimi, Mama Awino. Niko hapa posta, Kisumu."

Sauti ile sikuwahi kuisikia, na kwa kitambo sikuamini kuwa ni yeye. Nikamwambia nimefurahi.

"Ouma tulizika Jumamosi," alisema.

"Hii ugonjwa ilimshika koo pia, Bwana. Alikuwa hanong'oni kwa sababu yangu. Sauti yake ilikuwa imeenda kabla yangu ipotee tena, akaficha. Wakati dawa ilifika alikuwa hawezi kumeza hata uji."

Kesi ilipokaribia kutajwa tena, wakili aliniuliza kama kule ziwani kuna mgonjwa mwingine anayeweza kuapa. Nilimjibu kwamba alikuwepo, na kwamba nilisafiri naye mpaka Kisumu bila kumuuliza hata hali yake.