Jogoo Aliyeuzwa Mara Tatu

Ng'ombe wawili, kipande cha shamba letu kule Mghange kilichowekwa rehani, na jogoo mmoja aliyeuzwa mara tatu. Hiyo ndiyo bei ya digrii ambayo mpaka leo binti yangu hana. Nimehesabu mara mbili, kama kawaida yangu. Haipungui.

Mimi nauza nyanya soko la Voi. Hakuna anayeniuzia kreti kabla sijaingiza mkono hadi chini, maana juu hupangwa nzuri, uozo ukalazwa chini. Lakini kile chuo kikuu kikongwe cha Nairobi nilikinunua kwa kutazama juu tu. Nilipokuwa msichana, mtu wa kwanza wa kijiji chetu kusoma huko aliporudi, kengele ya kanisa ililia siku ya kazi na watu wakaacha majembe shambani. Chuo cha mawaziri hicho, chuo cha majaji. Binti yangu alipoitwa huko, nani angeniambia habari ya vyuo vidogo vya huku karibu?

Tukafanya harambee ya kuchanga karo. Jogoo akanadiwa. Aliyemnunua akamrudisha mezani anadiwe tena, ndivyo desturi, na wa pili vivyo hivyo. Wa tatu alikuwa jirani yangu sokoni, Mkamba muuza viatu. Alimkumbatia yule jogoo akapiga kelele, "Na huyu naye avalishwe joho! Si ndiye anayesomesha mtoto?" Tulicheka mpaka mchungaji akasahau sala.

Binti akasoma miaka yote minne. Maabara moja hapa Voi ikamwekea nafasi, alete cheti tu. Ndipo chuo kikasema alama zake za somo moja hazionekani. Mtihani alifanya, sahihi yake ya kuingia chumbani ipo. Mhadhiri alihama, na inaonekana alama zilihama naye.

Tukapanda treni hadi Nairobi, mimi na yeye. Ukutani mwa ofisi ya mitihani wamepanga picha za wakuu wa chuo tangu enzi za mkoloni, zote zimepanguswa vumbi. Nikamwambia karani, "Picha za watu waliokufa kabla sijazaliwa mmezitunza. Karatasi ya juzi ya mtoto wangu iko wapi?"

"Mama, hiki ni chuo chenye historia," akajibu bila kuinua macho. "Kuwa na subira."

"Historia kaa nayo. Nipe alama."

"Basi alipie somo upya, arudie mtihani."

"Kwa hivyo kitu kimoja mnakiuza mara mbili?"

Binti akanivuta leso. "Mama, tafadhali. Hapa si sokoni."

"Sokoni ningekuwa nimesharudishiwa pesa yangu!"

Sikurudishiwa kitu. Njia nzima ya kurudi sikula hata ndizi, nilikuwa nimeshiba hasira. Sisi pia tulimuuza jogoo mara tatu, lakini kila aliyemnunua alijua, na jogoo mwenyewe alikuwa pale mezani anawika. Wao wanauza jina, na ukitaka kilicho ndani ya jina unaambiwa ulipe tena.

Maabara imesema itasubiri mpaka mwisho wa mwezi, halafu itamchukua mwingine. Kwa sasa binti ananisaidia kuchagua nyanya, na ameniomba nisimwambie mtu.

Jana yule muuza viatu alikuja anakimbia, simu mkononi. Kijana wake ameitwa chuo kile kile. "Dada, zamu yangu imefika! Harambee ni Jumapili. Jogoo ninaye, na mnadi ni wewe. Nani mwingine huku anajua kupandisha bei?"

Siwezi kukataa, jogoo wangu yeye alimnunua. Nikisema ukweli, wataniita mchoyo asiyetaka mtoto wa mwenzake apande, na siri ya binti itakuwa imetoka. Nikinyamaza, atauza mpaka kibanda.

Nyinyi mliosoma huko, mkavaa joho na kupigiwa kengele, nishaurini kabla ya Jumapili: nikimwinua huyo jogoo mbele ya watu, niwaambie wananunua nini?