Tanuri Lililokula Makala Machache

Mama yangu akipika maharage alifunika sufuria kwa majani ya mgomba, juu yake kifuniko, na juu ya kifuniko jiwe. Nikifungua kuchungulia, ananipiga mkono: "Unalisha upepo?" Kuni alizibeba mgongoni kutoka mbali, ndiyo maana. Shule sikuikalia sana, lakini habari ya moto unaotoroka niliielewa, na ilinirudia miaka mingi baadaye pale mtaa wa Mapendo, mbele ya mhunzi ambaye juma hili nimeambiwa amefariki huko Mugunga, kambi ya wakimbizi.

Baada ya lava ya volkano kupita mjini, alikuwa akifua majembe kwa chuma cha springi za malori yaliyoungua. Chuma kile ni kigumu, kinakula makala, makaa ya miti, gunia kwa siku. Akaja bwana mmoja wa mradi wa mazingira, ana daftari. "Papa, moshi wako unaharibu hewa ya dunia." Mhunzi akanyoosha kidole kwenye volkano iliyokuwa ikifuka moshi. "Na muzee ule pale, umeshamwandikia?" Tulicheka, bwana akaenda zake. Lakini mhunzi alibaki anautazama moto wake. Vilima vya kwao Masisi alikuwa ameviona vikibaki vipara, miti imeishia kwenye makala. Akajenga tanuri la udongo na mawe ya lava, lenye njia moja tu ya kutolea joto, ili joto linalotoka lipashe kwanza chuma kinachongoja zamu. Gunia la siku moja likaenda siku tatu. Moshi ulipungua mpaka jirani yake muuza mandazi akaacha kumtukana.

Hapo nikaharibu mimi. Niliandika humu humu gazetini, nikamsifu, nikaeleza alipo. Wahunzi wengine wakaja kuiga, nami nikajiona mtu wa maana. Nilisahau kwamba siku zile za uasi kila gunia la makala lililopita kizuizi cha barabarani lililipiwa ushuru, likawalisha waasi wenye bunduki. Sisi tunazungumza hewa kwenye semina. Moshi una walinzi wake.

Walikuja watatu wa bunduki hao, mchana, nimeketi pale pale.

"Muzee, ni weye unafundisha watu kuacha makala?"

"Sikuacha. Nilipunguza."

"Na nani aliandika kwa gazeti?"

Mhunzi akaniangalia kidogo. "Mimi sijui kusoma."

Wasomaji wangu, nilinyamaza kabisa.

"Basi livunje tanuri lako."

Alilivunja mwenyewe, pigo kwa pigo, mpaka chini. Walipoondoka aliniwekea nyundo mapajani, akajifuta mikono, akashika barabara ya Sake, ya kutoka mjini. Mapendo hakurudi tena.