Jina la Kwenye Kipande

Mvua ya mawe ninayoikumbuka mimi ilipiga Samuye mwaka ambao namba yake sina, ila uhuru ulikuwa umeshakuja na jirani yetu mmoja mzee alikuwa bado hajaamini. Ilianza mchana, jua likiwaka. Kuku walikufa uwanjani na punje zikiwa mdomoni. Mama alijifunika chungu kichwani kama kofia, akatoka kuokota yale mawe ya barafu, maana alikuwa amesikia kwamba maji yake ni dawa ya macho. Nani alimwambia, sijui. Macho hayakupona, lakini mboga alizopika kwa maji yale zilikuwa tamu, au tulijiambia hivyo. Baba aliokota jiwe moja, kubwa kama yai la bata, akalishika kiganjani mpaka likaisha. Baba alikuwa mtu wa namna hiyo.

Naieleza mvua hii kwa sababu ilitoboa paa la shule na rejista ikalowa. Kesho yake mwalimu alitupanga nje, kila mmoja ataje majina yake upya: lake, la baba, la ukoo. Nilikuwa darasa la pili, na hilo ndilo nililoishia, kwa hiyo msomaji anisamehe nikipinda njiani. Nilipotaja la ukoo, mwalimu akaacha kuandika. Alikuwa mtu wa ziwani, upande wa Chato.

"Hilo si jina la huku," akasema. "Hilo la kwetu. Umeliokota wapi, wewe mchunga ng'ombe?"

Wenzangu wakacheka. Nikaenda kumuuliza Baba, aliyekuwa juu ya paa letu anaziba matundu.

"Mwambie mwalimu limeanguka na mvua," akajibu. "Haya, nirushie nyasi."

Jina lenyewe sitaliandika hapa. Tunaolibeba sasa ni wengi, na wengine ni wakali.

Basi nikakua, nikawa napeleka mbuzi minadani, mpaka Geita, mpaka Katoro. Katoro ya siku hizo haikuwa hii mnayoijua. Ilikuwa vibanda na vumbi. Hapo nilimkuta binti mmoja kutoka Chato akiuza dagaa. Mara ya kwanza niliinama kuwanusa.

"Wewe Msukuma, dagaa hawanuswi kama nyayo za ng'ombe," akaniambia. "Nunua au nipishe jua."

Nikanunua. Nilinunua dagaa miezi minane, mpaka Mama akauliza kama nimeoa samaki. Binti aliniita Kaka wa Samuye, na mimi sikuona haja ya kumtajia mengine, wala kumuuliza ya kwao. Tulipokubaliana, nikamtuma mshenga kwao, mzee mmoja mcheshi asiyeshindwa na mlango wowote.

Alirudi na jogoo mkubwa mwekundu kwapani.

"Wamekubali?" nikamuuliza.

"Wamekukubali mno," akasema. "Niliposema jina lenu, baba wa binti aliruka kutoka kwenye kiti. Ana kaka yake aliyekwenda mgodini Geita enzi za Mwingereza, asirudi. Jina ndilo hilohilo lenu. Na baba yako naye si alikuwa mgodini? Wanasema wewe ni mtoto wake. Jogoo huyu bibi yako amekuletea ule upate nguvu."

"Na binti?"

"Binti ni dada yako, bwana. Nani anaoa dada yake?"

Jogoo yule sikumla. Nilimshika miguu nikaenda naye kwa Baba, nikamweka mbele yake, nikamweleza yote. Nikamwambia, "Baba, kama mimi ni mtu wa Chato, sema. Kama siyo, sema vilevile, maana nampoteza mwanamke."

Baba alimwangalia jogoo. Kisha akasema nikae.

Alikuwa ametoroka kazi ya mkonge kule pwani akiwa kijana, na kipande chake, ile kadi ya kazi, kilikuwa kimeandikwa vibaya, kwamba ni mtoro. Kwenye mgodi wa Geita hawakumtaka. Akakaa kwa kujificha kwenye chumba cha kijana mmoja wa Chato, wakila sahani moja. Kijana yule akashikwa na homa, siku nne, akafa. Kabla wasimamizi hawajaja, Baba alichukua kipande cha marehemu, akaweka chake mfukoni mwa shati la maiti. Asubuhi hiyohiyo aliingia kazini kwa jina la rafiki yake, na rafiki akazikwa kwa jina la Baba. Hakuna aliyeangalia sura. Mgodini walikuwa wakiangalia karatasi.

"Nilitaka niende kwao nikaseme," Baba aliniambia. "Nilikwenda kweli, kwa miguu. Nikamwona mama yake kwenye mihogo. Akaniona kwa mbali, nimevaa koti la mwanawe, akaanza kuja huku anaita. Nikageuka nikakimbia."

Nyinyi mlioenda shule mtaliita jambo hili wizi, au mtatafuta neno jingine. Nilikuwa nimeitwa kwa jina lile tangu kuzaliwa, nimeitwa na mwalimu, na padri, na mwenyewe alikuwa chini ya ardhi muda wote huo akiitwa kwa jina la Baba.

Nikamwambia twende. Akavaa kanzu ya sikukuu, tukapanda basi. Tulipoupita mji wa Geita alinigusa goti, akaonyesha kilima kwa kidole.

"Pale nimezikwa," akasema.

Hapo akanitajia jina lake la kuzaliwa, mara moja tu. Sikuwahi kumsikia akilitaja tena.

Chato tulifika asubuhi ya pili. Wazee watano walikuwa wamekaa, na katikati yao bibi, mama wa yule aliyepotea, mdogo kama mtoto, macho yamefunikwa na utando mweupe. Nikamwamkia, "Shikamoo mama," kama mgeni aliyekuja kuposa. Akaitikia, akanyoosha mikono kumtafuta mwanawe. Baba akapiga magoti mbali kidogo, asiguswe.

"Mama, mimi siye," akasema. Akaeleza yote mpaka mwisho, hata la kukimbia kwenye mihogo.

Bibi hakulia. Aliuliza, "Siku ya mwisho alikula nini?"

"Uji wa muhogo, mama. Alisema hauna chumvi."

Bibi akacheka, akapiga paja. "Huyo ndiye! Tangu mdogo hakuna chumvi iliyomtosha." Kicheko chake kikaenda, kikaenda, mpaka kikageuka kitu kingine, na wanawake wakaja kumshika.

Ndipo baba wa binti akasafisha koo. Aliniambia pale kwao mtu akifa hana mtoto, jina lake halitajwi tena pombe ya mavuno inapomwagwa chini kwa wahenga. Huyo ameisha. Miaka yote walikuwa wakimtaja kaka yake kwa sababu hawakujua amekufa.

"Sasa tumejua," akasema. "Wewe si damu yetu. Acha jina hili leo, chukua la baba yako, na binti ni wako, sitakuzuia. Ukilishika, wewe ni mtoto wa kaka yangu, na huyu ni dada yako. Yote mawili hayawezekani."

Binti alikuwa mlangoni mwa jiko na ungo mkononi, anapepeta mchele ambao, niliuona vizuri, haukuwa na pumba tena.

"Msimharakishe," bibi akasema. "Nishike mkono."

Nikamwongoza mpaka nyuma ya nyumba. Palikuwa na jiwe jeusi, pana kama ngozi ya mbuzi, na katikati lina shimo laini. Akaniambia mwenye jina wa kwanza alikuja akitokea porini, wanakoyeyusha chuma, hana ng'ombe wala mke, amebeba nyundo tu. Akaliona jiwe hili akakaa. Alifua majembe juu yake maisha yake yote, na mwanawe, na mjukuu wake, mpaka majembe ya dukani yalipokuja. Watu walipohamishiwa vijiji vya ujamaa, bibi aligoma kupanda lori mpaka vijana wakalikokota jiwe kwa ng'ombe.

"Tia mkono," akasema.

Nikautia kwenye lile shimo. Lilikuwa na joto la jua. Nilijaribu kuhesabu ni majembe mangapi yanayoweza kula jiwe kiasi kile, nikashindwa. Hata sasa ninapoandika, vidole vinakumbuka. Nilikuwa nimezoea kudhani jina letu limeanguka na mvua.

"Kwenu mko wangapi?" bibi akauliza.

"Saba."

"Nitajie."

Nikatutaja wote, mimi na ndugu zangu, mmoja mmoja, kila mmoja na lile jina nyuma yake. Bibi alikuwa akigonga jiwe kwa kidole kila nilipolitamka. Mara saba. Hakuniomba kitu. Angeniomba, labda ningekataa, maana nilikuwa kijana na nilimtaka sana yule mwanamke. Hilo silifichi, hata mke wangu niliyemwoa baadaye Ushirombo analijua.

Tulirudi uwanjani. Wazee wakaniangalia. Baba akaangalia chini. Nikainama mbele ya bibi.

"Shikamoo bibi," nikasema.

Ungo ulisimama mlangoni.

"Marahaba, mjukuu wangu," bibi akasema. "Marahaba. Marahaba."

Mzee mmoja akaita waletewe pombe. Baba alikuwa ameshashikwa mkono, anavutwa kwenye kigoda cha mtoto wa nyumbani. Nikachukua fimbo yangu. Njia ya kutoka inapita jikoni.

"Kwaheri, dada," nikasema.

"Nenda salama, kaka," akajibu, akaendelea kupepeta.

Waliniita nirudi nile. Nikasema naenda kuangalia saa ya basi. Nikapita kwenye mihogo, nikatokea barabarani, nikaenda zangu, na pale sikurudi tena.