Lenzi ya Baba kwenye Kamera Yangu

Jumamosi nilipiga picha kwenye sherehe ya posa huko Kiriri, na hadi leo sijui kama mi bado ni mpiga picha.

Niliazima adapta kwa rafiki yangu Selemani, ile pete ya chuma, ili nifunge lenzi ya zamani ya baba kwenye kamera yangu ndogo. Niseme haki: Selemani alinionya. "Lenzi hii kamera haitaiona. Ingia kwanza kwenye mipangilio, uiruhusu kupiga bila lenzi." Nikamjibu "oui, oui", ndiyo za haraka, huku nikizungusha pete.

Kwenye sherehe nilizima sauti ya kamera nisisumbue wazee. Kila nikibonyeza, maandishi mekundu yanatokea. Nikadhani inalalamikia uzee wa lenzi tu.

Bibi yake bibi harusi, aliyetoka Gitega kwa ajili ya siku hiyo, akapokea kinywaji cha wakwe. Nilimrudisha anywe tena mara tatu.

"Bibi, kunywa tena kidogo, mwanga haukukaa vizuri."

"We mutoto," akacheka, "utanilewesha mbele ya wakwe!"

Wakwe walipoondoka, akanishika mkono. "Nionyeshe. Macho yangu yanakwisha, nataka nijione kabla hayajazima."

Familia nzima ikatuzunguka. Nikafungua picha, kumbe kila maandishi mekundu yalipotokea kamera ilikuwa imekataa kupiga. Ya siku hiyo ilikuwa moja tu, niliyoipiga nyumbani kabla ya kubadili lenzi: mimi mwenyewe mbele ya kioo, na suti, kifua mbele.

Bibi akaisogeza kamera hadi puani, akaitazama sana.

"Huyu ndiye mi?"