Opendi na Miaka Mia Nne

Dada yangu Auma aliolewa na wakala wa forodha. Kwa miaka mingi Bartholomew Opendi alitoka nyumbani Tororo, Uganda, na tai shingoni, akaenda mpakani Malaba kukimbiza karatasi za malori, jioni akarudi na mkate kwapani. Alikuwa mtu wa kuchosha, lakini wa kuchosha kwa heshima. Ukimwambia umenunua nyanya kwa Asekenye, atakurekebisha: Asekenye halimi, nyanya zile ni za Mbale. Tulimvumilia, kwa kuwa alisomesha watoto na hakuwahi kumwinulia dada yangu mkono.

Kisha akanunua simu kubwa.

Foleni ya malori Malaba humkalisha mtu kutwa, naye akawa anakaa akitazama video. Huko akawakuta Wazungu, watu wazima wenye kazi zao, ambao mwisho wa juma huvaa mashati ya chuma, wakapiga kambi porini na kupigana kwa panga butu, wakijifanya watu wa zama zile za wafalme na ngome. Nilidhani kilichompendeza ni vita. Kumbe kilichompendeza ni ugomvi wao baada ya vita: huyu kashona kanzu kwa cherehani, yule kavaa kiatu cha soli ya mpira, mwingine kaleta viazi wakati viazi vilikuwa havijafika kwao. Opendi alitazama watu wazima wakifukuzana kwa ajili ya kiazi, akaona amepata ndugu zake.

Alinijia sokoni Busia, mji uliogawanywa na mpaka wa Kenya, kwenye meza yangu ya mitumba. "Shemeji, na sisi tuna zetu. Mababu walifika nchi hii miaka mia nne iliyopita. Nani anakumbuka walivyoishi?"

"Hakuna anayekumbuka," nikamjibu.

"Ndiyo maana inatakiwa uangalifu mkubwa."

Hiyo ndiyo ilikuwa akili yake. Kwa kuwa hakuna ajuaye, basi atajua yeye.

Akaanzisha kikundi. Shamba la baba yake lilikuwa Sop Sop, akajenga huko vibanda vya nyasi, na kila mwezi watu wakaenda kulala humo siku mbili ili waishi kikale. Mwanzoni walikuwa wengi. Kulikuwa na walimu, mafundi, hata Wakenya wawili watatu waliovuka mpaka kwa ajili ya pombe ya wimbi, yaani ulezi. Waliimba, walitupa mikuki kwenye migomba, walikula kunde na mtama, wakarudi makazini wakiwa na moshi kwenye nywele na furaha. Nilikwenda mara moja. Nasema kweli, siku ile ilikuwa nzuri.

Lakini Opendi hakuanzisha kikundi ili watu wafurahi. Kwanza akapiga marufuku ugali wa mahindi, kwamba mahindi yaliletwa na Wareno. Karanga nazo zikafuata, na mihogo, na chai. Akakataza zipu, vifungo, sabuni, kalamu. Akakataza watu wasimwite Bartholomew akiwa kambini, maana ubatizo ulikuwa haujafika. Yeye mwenyewe alivaa ngozi za mbuzi alizonunua kwa mchinjaji wa Busia na kuzikausha kwa njia aliyoisoma mahali. Zilinuka kiasi kwamba mbwa walimfuata kwa matumaini.

Usoni alibaki na miwani. Miwani ilikuwa na ruhusa maalum. Alisema shujaa lazima aone.

Wa kwanza kufukuzwa alikuwa Rasto, fundi wa kuchomelea vyuma kutoka Busia ya Kenya, mtu mkarimu aliyewatengenezea wenzake mikuki yote bila kudai kitu. Opendi aliushika mkuki mmoja, akaugeuzageuza, akauliza chuma kimetoka wapi.

"Springi ya lori," Rasto akasema. "Chuma kigumu hicho. Hakipindi."

"Mababu walikuwa na lori?"

"Hawakuwa nalo. Lakini walikuwa na chuma. Wasamia walikichimba vilimani na kukiyeyusha."

"Basi kachimbe na wewe."

Rasto alikusanya mikuki yake, akaifunga kwenye baiskeli na kuondoka. Tangu siku ile mashujaa wa Sop Sop walipigana kwa vijiti.

Wa pili alikuwa Bridgit, mwalimu wa shule ya msingi, ambaye Opendi alimgundua amevaa sidiria chini ya ngozi. Alimwita mbele ya wote akamwambia vazi lile ni la uongo. Bridgit hakuona haya hata kidogo. "Matiti yangu si ya miaka mia nne iliyopita," akasema. "Ni ya sasa, na nikikimbia yanauma." Wanawake wote wakaondoka naye. Baada yao wanaume wakaona hakuna wa kupika, na kupika kikale ni kazi, wakakumbuka shughuli za nyumbani mmoja mmoja. Mwaka ulipoisha Opendi alibaki na vibanda na nafsi yake. Wala hakuhuzunika. Alisema kikundi sasa ni safi.

Haya yote yangebaki kichekesho chetu cha nyumbani, lau si Patience.

Patience ni binti yao mkubwa, muuguzi, msichana asiye na maneno mengi. Alipata mchumba kutoka ng'ambo ya mpaka, Trevor, kijana wa Kisamia ambaye familia yake ina duka la vipuri Busia ya Kenya. Watu wa kanisa, wenye adabu. Wakatuma ujumbe kwamba wangependa kuja kuleta mahari, na waliuliza, kama inavyotakiwa, baba wa binti anapenda mambo yaendeje.

Wangejua wasingeuliza. Opendi aliwajibu kwamba atawapokea Sop Sop, kambini. Waje kwa miguu kuanzia barabara kuu, bila viatu. Ng'ombe waswagwe, wasipakiwe kwenye lori. Kusiwe na suti wala gomesi, lile vazi refu la wanawake, kwani gomesi ni mshono wa fundi wa kutoka Goa, India, na haina hata miaka mia na hamsini. Kusiwe na soda, mchele, keki, kipaza sauti, kamera. Binti atatolewa akiwa amevaa ngozi.

Dada yangu alikuja kwangu na ujumbe huo kwenye simu yake. Hakulia. Alikaa juu ya bale la nguo, akaniuliza kama nina pini.

"Pini za nini?"

"Za gomesi ya Patience. Mshipi unateleza."

Nikajua ameshaamua. Jioni alimweleza mumewe waziwazi, nami nilikuwepo. "Baba Patience, wale watu wana mabibi wenye magonjwa ya miguu. Hawatavua viatu. Ukishikilia hayo yako, tutawapokea kwa Aboth." Aboth ni mdogo wake Opendi wa tumbo moja, anakaa Busia upande wetu, ana ua mpana na akili timamu.

Opendi alicheka. "Mahari bila baba? Hilo halijawahi kutokea."

"Aboth ni baba pia. Damu moja, ukoo mmoja. Mila inamruhusu."

"Mila," akasema, akaivua miwani na kuifuta. "Auma, mila unaijua wewe?"

Dada yangu akatoka nje kwenda kuanua nguo. Ndoa yao imedumu kwa sababu ya uwezo wake wa kutoka nje.

Siku ilipofika, Opendi aliamka alfajiri, akavaa ngozi, akaenda Sop Sop peke yake. Hakuamini kwamba watu wangeweza kuendelea bila yeye. Alifagia kambi, akapekecha kijiti juu ya kijiti ili apate moto, akashindwa kama siku zote, akaenda kuomba kaa kwa jirani. Akakaa kwenye kigoda akielekeza uso njia ya kuingilia, akingoja ng'ombe.

Kule Busia tulikuwa tumefunga turubai toka asubuhi na kuwakalisha wapiga ngoma pembeni. Trevor alikuja na wazee wake, na shangazi yake Wilkister, mwanamke mnene mwenye sauti ya kuita mtu kutoka Kenya mpaka Uganda bila pasi. Ng'ombe walishuka kwenye lori na mbuzi wakafuata. Kulikuwa na jembe lililofungwa utepe, kanga za mama, kanzu ya baba. Patience alitoka na gomesi ya rangi ya machungwa, akapiga magoti kwa wageni, na wazee wa pande zote mbili wakabishana juu ya ng'ombe mmoja mwenye pembe iliyokatika kama wanavyobishana siku zote, kwa ukali na kwa kicheko. Aboth alikaa kwenye kiti cha baba, hana raha, akijifuta jasho. Ilikuwa mahari kama mahari zote za huku kwetu, na hakuna aliyeishangaa.

Sop Sop, jua lilikuwa limepita utosi ndipo Okware, mchuuzi wa mbuzi, alipopita na kumkuta Opendi bado amekaa.

"Wewe nafanya nini hapa?" Okware akamwuliza. "Binti yako iko Busia, watu nakula."

"Uongo."

Okware akatoa simu yake na kumwonyesha picha. Patience alikuwa anacheka. Nyuma yake alikuwa Aboth, kwenye kiti kile.

Na sasa nitaeleza jinsi mtu alivyovuka miaka mia nne kwa bodaboda. Opendi hakuwa na nguo nyingine pale. Alikuwa ameapa kutokuwa nazo. Alipanda bodaboda mpaka lami, akapanda nyingine, ngozi zikipepea, magoti wazi, miwani imejaa vumbi, akaingia Busia saa ambayo soko limejaa pomoni. Wachuuzi wenzangu wananisimulia mpaka leo. Walidhani kuna tamasha, wakampigia makofi.

Aliingia uani akihema. Sisi tulikuwa ndani tukipakua chakula, hatukumwona. Aliyemwona ni shangazi Wilkister.

"Mcheza ngoma amefika," akatangaza, amefurahi kweli. "Jamani mmetufikiria. Ila amechelewa, wenzake wameshaanza." Akamshika mkono, akamwongoza kwa upole mpaka kwenye benchi la wapiga ngoma, akamwekea mapajani sahani ya pilau na chupa ya soda. "Kula kwanza, baba. Utacheza ukishiba."

Opendi alikaa na sahani ile. Hakusema yeye ni nani. Nimejiuliza mara nyingi kwa nini, yeye anayerekebisha kila mtu. Nilipotoka na sinia la nyama nilimkuta pale, kati ya mpiga ngoma na mpiga zeze, ametazama wali kana kwamba umemwuliza swali. Sikumwonea huruma. Nilimwita dada yangu aje aone.

Patience alituwahi. Alitoka alikokuwa ameketi na wageni, akavuka ua wote huku kamera zikimfuata, akapiga magoti mavumbini mbele ya benchi la wapiga ngoma.

"Karibu, baba."

Shangazi Wilkister akaziba mdomo kwa kiganja. Aboth alisimama mara moja na kukiachia kiti, kama mtu aliyeondolewa mzigo. Watu wote wakangoja Opendi aseme la baba. Alisimama. Akatazama mkusanyiko, akazitazama zawadi, jicho likatua kwenye jembe lenye utepe.

"Hilo jembe," akasema, "ni la kiwandani. Limetoka China."

Mzee mmoja wa kina Trevor alikohoa na kutazama viatu vyake. Patience alikuwa bado amepiga magoti.

"Ndiyo, baba," akasema polepole. "Na mimi naolewa nalo. Kaa kwenye kiti chako, au rudi Sop Sop. Chagua sasa, wageni wana njaa."

Akakaa. Kilikuwa kiti cha plastiki, na jua lile liliigandisha ngozi ya mbuzi kwenye plastiki kiasi kwamba kila alipojongea kilitoa sauti. Harufu nayo ikafanya kazi yake; wazee wa pande zote mbili walikubaliana haraka juu ya ng'ombe mwenye pembe iliyokatika. Walimvisha ile kanzu ya zawadi juu ya ngozi. Yumo kwenye picha zote hivyo, kola nyeupe, manyoya yakichungulia shingoni, amekaza uso kama hakimu. Shangazi Wilkister alimwomba radhi mara nyingi mpaka tukamwomba aache.

Harusi ya kanisani alihudhuria kwa suti. Alimtembeza binti yake mpaka altareni vizuri, nakiri, na hakumrekebisha padri zaidi ya mara moja. Vibanda vya Sop Sop vilianguka msimu wa mvua. Auma amepanda mahindi pale pote, na Opendi huyala bila kutaja Wareno.

Nilidhani yamekwisha. Wiki iliyopita alikuja sokoni, amevaa tai yake, akaanza kupekua makoti kwenye meza yangu. Aliniambia amegundua kosa lake: alikwenda mbali mno. Sasa anataka kuishi kama makarani wa reli wa Tororo wa enzi za babu yake, ambao picha zao zipo, kwa hiyo hakuna wa kumbishia. Ameshapata kofia. Ameshapata mtu mmoja wa kujiunga naye, na tayari ana mashaka na soksi za mtu huyo.

"Natafuta koti la sufu halisi, shemeji. La wakati ule. Usinipe la juzi."

Nilimchagulia moja zito la kahawia, lenye mabega mapana. Alilinusa, akalisugua kwa vidole, akaangalia kila kifungo kwenye mwanga, akaridhika, akaondoka nalo. Bitana yake yote ni nailoni ya juzi. Sikumwambia.