Akaunti ya Heshima ya Shangazi

Nilikuja Gisenyi, mji wa mpakani, nikiwa na miaka ishirini na mbili, nikitokea Karagwe, Tanzania, nilikozaliwa. Nilifikia kwa shangazi yangu, dada wa baba. Baba alipokimbia nchi hii, yeye alikuwa ameshaolewa hapa, akabaki. Sasa alikuwa anauza vitenge. Asubuhi alivuka Petite Barrière, kivuko kidogo cha mpakani, kununua mizigo Goma, mchana aliuza sokoni, na kila Jumatatu alipeleka mapato yake benki.

Jumatatu moja alirudi na karatasi ngumu inayong'aa, imekunjwa mara tatu. Karani wa benki alikuwa amemwita pembeni na kumpa kwa mikono miwili.

"We ulisoma," aliniambia, akiiweka juu ya meza. "Nisomee. Banasema mi ni kilia wa heshima."

Alitaka kusema *cliente*, mteja. Karatasi yote ilikuwa kwa Kifaransa. Mimi nilisomea Tanzania, Kifaransa changu kilikuwa cha kuomba chumvi. Lakini sikutaka kumwambia hivyo, kwa sababu kusoma kwangu ndiko alikokuwa anajivunia mbele ya wenzake sokoni. Nikaazima kamusi kwa jirani mwalimu, nikakaa nayo jioni nzima.

Kwa kadiri nilivyoelewa, benki ilikuwa inafungua akaunti mpya kwa wateja wachache. Mwenye akaunti hiyo hapangi foleni. Ana dirisha lake na kiti chake. Anapata kitabu cha hundi bure, na pesa zake zikitumwa Kigali hazikatwi ada. Mpaka hapo mambo yalikuwa mazuri. Kisha nikafika mahali palipoandikwa kwamba mteja huyo anaruhusiwa *découvert*. Nilitafuta kwenye kamusi. Neno lilikuwa na maana ya kitu kisichofunikwa.

"Wanakuruhusu kukaa bila kufunikwa," nilisema.

Shangazi aligusa kitambaa chake kichwani. "Bila kufunikwa kitu gani?"

"Hawajasema."

"Mi ni mwanamuke muzima! Ruhusa ya kufanya vile nimewaomba lini?"

Nilisoma upya, nikarudia mara ya tatu, na maana ilikuwa ileile. Tulilala bila kujua benki inatutakia nini.

Kesho yake tulikwenda wote wawili. Karani alikuwa kijana aliyekulia Bukavu, mpole, mwenye tai fupi. Tulipomuuliza juu ya kutofunikwa alitazama dari kwanza, nadhani ili asicheke.

"Hapana, Mama. Ni hivi. Pesa yako ikiisha mu konti, tunakuachia utoe ingine kidogo. Utarudisha kisha, na faida juu."

"Donc ni deni," alisema Shangazi.

"Ni deni ya heshima, Mama."

Ndipo akaanza masharti. Kwanza, faranga laki tano zikae mle bila kuguswa. Pili, kila mwezi kiingie kiasi fulani, na mwezi kisipoingia, ada inakatwa. Shangazi alisikiliza akihesabu kwa vidole chini ya meza.

"Pesa yangu nisiiguse," alisema, "na nikiikosa munikopeshe ya kwenu kwa faida. Na ile yangu itakuwa inafanya nini?"

"Itakuwa inalinda nafasi yako, Mama."

"Nafasi gani?"

"Ya kukopeshwa."

Mimi niliona kama kuna kosa mahali, lakini kila nilipojaribu kulishika liliniponyoka. Karani alieleza vizuri, na kila sentensi yake ilikuwa kweli peke yake. Tulipoziunganisha ndipo tulipopotea. Hata hivyo, nilimwona Shangazi akigeuka kuangalia foleni, watu zaidi ya thelathini wamesimama mpaka nje mlangoni, na yeye amekaa kwenye kiti chenye mto. Magoti yake yalikuwa yakimsumbua tangu mwaka uliotangulia.

"Bon," alisema. "Andika."

Karani akatoa fomu, akajaza jina, mtaa na kazi. Kisha akauliza, bila kuinua macho: "Mama umeolewa, ao ni mujane?"

Shangazi alirekebisha kitambaa chake. Karani akadhani hakusikia, akauliza tena.

Mume wa shangazi alikuwa dereva wa lori. Mwaka wa tisini na nne, watu walipovuka kwa maelfu kuingia Goma, alikwenda nao. Shangazi alibaki kumuuguza mama mkwe wake, ambaye alifariki baada ya wiki mbili. Mume hakurudi. Kambi za wakimbizi zilipovunjwa na watu wakarejea, Shangazi alisimama kando ya barabara siku tatu akiangalia sura zao, na ya mumewe haikuwemo. Nyumbani hatukulizungumza jambo hilo. Viatu vya huyo mume vilikuwa bado chini ya kitanda, na Shangazi alivipangusa alipofagia.

"Weka yote mbili," alimwambia karani hatimaye.

"Haiwezekani, Mama. Kama umeolewa, bwana yako atie sahihi kwamba anakubali. Kama ni mujane, lete karatasi ya komini."

"Na kama sijue?"

Karani aliweka kalamu chini. Alikuwa na haya kweli, nilimwonea huruma. "Mu fomu hakuna sijue," alisema.

Komini, yaani ofisi ya serikali ya pale mjini, walitutaka mashahidi wawili waliomwona amekufa au waliomzika. Kwa hiyo Alhamisi tulivuka kwenda Goma kwa shemeji yake, mdogo wa huyo mume, aliyekuwa na duka la vipuri vya pikipiki. Alitukaribisha, akaagiza soda, na Shangazi akamweleza yote, kuanzia kile kiti chenye mto.

Shemeji alisogeza kiti chake karibu. "Mutu mumoja aliniambia alimuona Walikale, anauza mafuta ya ngazi, ile ya mawese," alisema. "Mwingine aliniapia kwamba alimuzika mu njia, mbele ya kufika kule. Bote ni batu ninajua. Sijue nani niamini."

"Mbona hukuniambia?" Shangazi aliuliza.

"Ningekuambia gani? Ya kwanza ao ya pili?"

Hakuna aliyegusa soda. Kisha shemeji akasema kwa sauti ya chini kwamba kama karatasi inahitajika, yeye atakwenda komini kusema alimwona kaka yake amekufa, na rafiki yake mmoja atasema hivyohivyo. Ni maneno tu, alisema, hayatamfanya mtu afe kama yu hai.

Nilimtazama Shangazi. Kwa akili yangu ya wakati ule niliona ni msaada mkubwa, na nilikuwa karibu kushukuru kwa niaba yake. Yeye alisimama, akajifunga kitenge vizuri.

"Na kama kesho anabisha hodi," alimwuliza shemeji, "nimuambie nilimuua sababu ya kiti?"

Njiani kurudi, kwenye Petite Barrière, tulipita katikati ya wachukuzi na akina mama wenye ndoo za unga vichwani, yeye akitangulia mpaka nyumbani. Usiku nilimsikia akigeuka kitandani na kulia. Sikujua alikuwa akilia kwa sababu ya Walikale au kwa sababu ya kaburi la njiani, na nadhani hata yeye hakujua.

Karani ndiye aliyepata njia. "Huyu binti hajaolewa," alisema tuliporudi benki, akininyooshea kidole mimi. "Yeye fomu yake ni rahisi." Shangazi alikubali papo hapo. Pesa zake zikaingia kwenye akaunti ya heshima yenye jina langu, mimi ambaye sikuwa na hata faranga ya kununulia sabuni.

Kuanzia hapo kila Jumatatu nilipelekwa kwenye lile dirisha la heshima. Mlinzi alinifungulia mlango, karani aliniita Madamu. Shangazi, mwenye magoti mabovu, hakuruhusiwa kupita kwa kuwa hakuwa mteja wa upande ule, akanisubiri amesimama nje juani. Mara ya kwanza nilimwomba karani amwachie kiti changu. Alisema sheria inamtaka mwenye akaunti. Mara ya pili sikuomba. Mara ya tatu nilikataa kukaa, nikatia sahihi nimesimama, na karani akashangaa.

"Ukae tu," Shangazi aliniambia tukiwa njiani. "Kiti tumekilipia."

Ilikwenda hivyo kama miezi minane. Kisha nikapata mchumba, mwalimu wa Mahoko, mji mdogo wa karibu. Jumatatu iliyofuata karani alinipongeza, halafu akanikumbusha kwa upole: nikishaolewa, bwana yangu aje atie sahihi kwamba anakubali niwe na akaunti.

Nilitoka nje nikamweleza Shangazi. Alicheka mpaka akashika ukuta. Sijapata kumsikia akicheka vile tena. "Donc nitaomba ruhusa kwa mwalimu ya Mahoko," alisema, "kwa pesa ya vitenge yangu."

Tulizitoa pesa zote siku hiyo, pungufu ya ada ya miezi miwili ambayo mauzo yalikuwa mabaya kwa sababu mpaka ulikuwa ukifungwa mara kwa mara. Akanunua chumba cha duka Mahoko, karibu na soko, kwa maandishi ya mkono na majirani watatu kuwa mashahidi. Hakuna aliyemwuliza kama ameolewa. Akaacha kuvuka mpaka kila siku, akawa anakaa kwenye duka lake, kwenye stuli aliyotengenezewa na seremala wa jirani.

Mimi nimefanya hesabu ya akaunti ile mara nyingi tangu hapo, faida upande huu, ada upande ule, na bado sijajua kama tulipata au tulipoteza. Shangazi nilimwuliza mara moja tu. Alikuwa anakunja vitenge, akanipa upande mmoja wa kitenge. "Shika pembe ile," alisema, "usivute sana."