Ngano ya Rangi

Niliporudi Gendabi likizo nilimkuta mama anaosha ngano. Maji kwenye karai yalikuwa mekundu kidogo, kama mtu ameloweka kanga mpya. Nikajua ni ile ya mbegu. Baba alikuwa kibarua shamba la ngano la serikali, kwenye mashine ya kupandia, na jioni yeye na wenzake walikung'uta masalio yanayobaki ndani yake, wakaenda nayo nyumbani. Mbegu ile hupakwa dawa ya wadudu, halafu inatiwa rangi ili watu wasiile.

"Shikamoo mama."

"Marahaba. Njoo ushike ungo. Hii ya mwisho, ona, imeshakuwa nyeupe."

Njaa ilikuwepo, sitaficha. Mahindi yetu yalikauka yakiwa kiunoni. Bibi, mama yake mama, alikuwa amekuja kutoka Tlawi akidhani kwetu kuna nafuu, sasa ameketi mlangoni anangojea uji.

Mimi kusema mbele ya watu ni kazi. Hata darasani nikijua jibu natazama meza. Lakini wiki hiyohiyo, kabla ya kufunga shule, mwalimu wa kemia alikuwa ametufundisha habari za atomi, na kichwa changu kilikuwa hakijatulia. Alisema zamani Wayunani walidhani ukikata kitu, ukakata tena, utafika mahali kisu kinagoma. Baadaye mwingine akasema ni vitufe vigumu kama gololi. Akaja mwingine akasema hapana, ni kama makande, maharage yametawanyika ndani ya mahindi. Tulicheka. Akaja wa nne, akarusha chembe kwenye karatasi ya dhahabu, nyingi zikapita, chache zikarudi. Basi katikati kuna kiini kidogo sana, na sehemu kubwa ni tupu. Kila mara mwalimu alifuta ubao kwa kiganja na kuchora upya. "Na huyu naye alikuwa na uhakika," alisema. Sikulipenda neno hilo. Niliitazama meza yangu, kumbe nayo ni tupu kwa ndani, nikaona kama itaniangusha.

Nikamwambia mama, sauti ikiwa chini, "Rangi imetoka, lakini dawa inaweza kuwa imebaki. Ni vitu vidogo mno, jicho halivioni."

"Umeviona wewe?"

"Hapana."

"Mwalimu wako amewahi kuviona?"

"Hapana, mama."

Bibi akacheka bila meno. "Sekondari! Mtoto anaogopa kitu ambacho hakipo."

"Moto utamaliza," mama akasema.

"Moto hauzimalizi atomi. Zinahama tu."

"Nani kasema?"

Nani kasema? Watu waliofutwa ubaoni mmoja baada ya mwingine. Kama wote walikosea, mimi wa kidato cha pili nina uhakika gani? Mama alichota konzi la kwanza akaliweka kwenye jiwe la kusagia. Bibi akasogea karibu.

Sijui nilipataje nguvu. Nilichukua ungo wote, nikazunguka nyuma ya nyumba, nikaumwaga chooni. Nilisikia ngano ikigonga ukuta wa shimo.

Nilingoja fimbo. Mama alikuja akasimama mlangoni pa choo. Hakunipiga. Alitazama ungo mtupu, akatazama upande wa mbele ya nyumba alikokuwa bibi, akashusha sauti ili asisikiwe.

"Hiyo umeimwaga. Sawa. Na ile ya Jumapili?"

"Ipi, mama?"

"Tulikula Jumapili. Na Jumanne. Bibi yako alikula bakuli mbili, akasifu." Akauchukua ungo mkononi mwangu. "Wewe unayesoma, niambie. Hivyo vidogo, vikishaingia mtu tumboni, vinakwenda wapi?"

Kwa mara ya kwanza aliniuliza kama mtu mzima anavyomuuliza mtu mzima. Bibi alikuwa anakohoa kule mbele. Nilitazama chini, kama darasani, nikamwambia sijui.